Gia ya Noah iko kwenye dashibodi, itanisumbua?

MpishiWaArusi
Assalam alaikum wenzangu. Napika vyakula vya arusi Mji wa Kale, na Fielder yangu imeshazidiwa na masufuria. Kuna jamaa wa Makupa auza Toyota Noah, ile van, ya 2010. Nimeipenda, ila rungu la gia limechomoza kwenye dashibodi, karibu na redio! Mie nimezoea kulipapasa chini, ubavuni mwa goti. Kakangu asema gia za hivyo ni dhaifu, hukatika. Kweli?

FundiChangamwe
Dada, akutisha bure. Kwenye otomatiki rungu lavuta kebo tu, na kebo ndiyo inayochagua P, R, N au D kule kwenye giaboksi. Likae juu, likae chini, kebo ni kebo. Kinacholika ni bushi, kile kipete cha mpira au plastiki mwisho wa kebo. Ikilika, herufi unayoiona na gia iliyoingia haviafikiani. Kabla hujatoa pesa, simamisha gari penye mteremko kidogo, tia P (ya kuegesha), achia breki polepole. Likiteleza, iite bei upya. Na likikubali kuwaka likiwa D (ya kwenda mbele), rudi nyumbani.

DerevaMstaafu
Mwanangu, hizi Hiace za matatu gia iko wapi? Dashibodi, tena ya klachi, na yavutwa toka alfajiri mpaka usiku. Sisi teksi zetu zilikuwa Peugeot 404, gia ubavuni mwa usukani. Mbele twaketi watatu, hakuna rungu la kumchoma mtu paja. Na gari hiyo ilichukua Safari Rally 1963, kisha 1966, 1967 na 1968 mfululizo. Kijana wa tuktuk naye huipinda gia kwenye mshikio wa mkono wa kushoto, na sijamsikia akilalamika. Mkono huzoea, sema usije ukaishika redio ukidhani ni gia.

BintiKibokoni
Mie ninayo Noah. Raha yake ni hapo katikati ya viti vya mbele, peupe. Kwenye vichochoro vyetu naegesha mlango wangu umegusana na ukuta, nateremkia upande wa pili bila kuruka rungu.

MpishiWaArusi
Ami, shukran, nimecheka! Binti, hilo la kuteremkia upande wa pili ndilo lililonimaliza, maana kwetu ukifungua mlango wampiga mpita njia. Fundi, hiyo bushi yauzwa peke yake au mpaka ninunue kebo nzima? Jamaa kagoma kushuka bei, nataka neno la kumwambia.