Wagumu wa Moshi tumelizwa: kozi ya Kiingereza ya "dunia pepe" haina mtu ndani, na "somo lako peke yako" ni lilelile la kila mtu

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na sitaificha. Ila kila ninachoandika hapa nina ushahidi wake: ujumbe wa malipo ninao, picha za skrini ninazo, barua pepe zao zote nimezitunza. Jina la kampuni silitaji kwa sasa kwa sababu tunataka kwanza tupite njia ya sheria. Waliolizwa nao wataitambua kwa maelezo tu.

Mimi ni mgumu. Kwa wasiojua lugha ya huku kwetu, mgumu ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, yule anayebeba mahema, mitungi ya gesi, chakula na mabegi ya wageni. Ukitaka kutoka kwenye mzigo uwe msaidizi wa kiongozi, na baadaye kiongozi mwenyewe, mlango ni mmoja: Kiingereza. Na wengi wetu tumeishia darasa la saba kwenye shule za serikali, ambako masomo yote unasoma kwa Kiswahili na Kiingereza ni kipindi tu kwenye ratiba. Masika, Aprili na Mei, mlimani kazi zinakatika. Huo ndio muda wetu wa kusoma, na hawa jamaa wanaujua, kwa sababu tangazo lao lilianza kutufuata kwenye simu mvua zilipoanza tu.

Tangazo lilisema hivi: utaingia kwenye dunia pepe, yaani mji wa kuchorwa ndani ya kompyuta, utatembea mitaani na avata yako, yule mtu wa kuchorwa anayekuwakilisha, utaongea Kiingereza na watu kutoka nchi mbalimbali, na akili mnemba (AI) itakutengenezea somo lako wewe peke yako kulingana na kazi yako na udhaifu wako. Inafanya kazi kwenye simu yoyote. Shilingi laki mbili na nusu kwa miezi mitatu, kwa kichwa. Tukajikusanya wagumu na wapishi kadhaa, tukalipa. Kuna mwenzetu alikopa kwenye kikoba cha mke wake na deni lile bado linamtafuna.

Pesa ilipoingia tu, ile "simu yoyote" ikageuka. Simu zetu zote zikaonekana hazina uwezo, tukaambiwa tutafute kompyuta yenye nguvu au tununue miwani ya uhalisia pepe (VR), ile unayovaa machoni ujione uko ndani ya mji wa kuchorwa. Tukachanga tena, tukapata laptop ya mtumba, tukawa tunaitumia kwa zamu. Bando ndiyo usiseme. Ule mji wao wa kuchorwa ukiufungua unakula data kiasi kwamba bando la wiki linakata somo la pili halijaisha. Hili peke yake ningevumilia, maana teknolojia ina gharama zake. Kilichonileta hapa ni nilichokikuta ndani.

Ndani hakuna mtu. Kuna barabara, kuna mkahawa, kuna uwanja wa ndege, kuna benki, na hakuna binadamu hata mmoja. Hao "watu kutoka nchi mbalimbali" ni vikaragosi vya kompyuta vilivyosimama palepale vinapepesa macho. Tuliingia asubuhi, mchana, usiku wa manane tukidhani labda wenzetu wa nchi nyingine wako kwenye saa zao. Patupu. Binadamu pekee tuliojua wameingia mle ni sisi wenyewe, mmoja mmoja kwa zamu.

Wazo lenyewe si baya, na ndiyo maana linaniuma. Second Life, dunia pepe ya mtandaoni, ilifunguliwa mwaka 2003 na Linden Lab ya kule San Francisco, na walimu wa lugha hawakuchelewa kuona faida yake. British Council, shirika la Uingereza la utamaduni na lugha, walijenga kisiwa chao mle ndani, kwenye sehemu iliyotengwa kwa vijana. Kampuni ya Languagelab ikajenga mle mji mzima wa kujifunzia Kiingereza, na ndani yake iliweka walimu wa kweli na waigizaji wa kweli. Ukiingia hotelini, aliyekupokea alikuwa mtu aliyeko mahali fulani duniani na kipaza sauti chake, alikusikia, ukikosea alikuuliza ulimaanisha nini. Mtu mwenye aibu ambaye darasani hafungui mdomo, pale aliweza kujificha nyuma ya avata na kuongea. Faida yote ya dunia pepe iko hapo: mtu wa upande wa pili. Ukimtoa huyo umebakiza mchezo wa kompyuta, tena mbovu.

Niwaonyeshe kwa karibu. Mwenzangu anakaa mbele ya laptop, avata yake imesimama kaunta ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Mwanamke wa kuchorwa anamuuliza, "How can I help you today?" Mwenzangu kichwani ana mlima, hana ndege, akajikaza akasema: "My guest is sick. He vomit yesterday night, she want go down." Sikilizeni hiyo sentensi. Mgeni mmoja amekuwa mwanamume halafu mwanamke, na kutapika hakueleweki kama kumeshatokea au kunaendelea. Yule mwanamke wa kuchorwa akatabasamu: "Excellent! Here is your boarding pass." Nyota tano zikashuka kwenye skrini na kelele za makofi.

Excellent! Mtu anajaribu kuripoti mgonjwa wa mwinuko, yaani aliyeugua kwa kupanda juu sana, anapewa pasi ya kupandia ndege na nyota tano. Kesho atapanda kambi ya Barafu mlimani na sentensi ileile, akiamini ni sahihi kwa sababu mashine imempigia makofi.

Tangazo lao lilimtaja Benjamin Bloom, mtaalamu wa elimu wa Marekani. Nikaenda kumsoma. Mwaka 1984 Bloom aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake aliwapita 98% ya wale waliosoma darasani kwa njia ya kawaida. Hayo kweli aliyaandika. Lakini wale wanafunzi wa Bloom walikuwa na mwalimu binadamu, wakipimwa mara kwa mara na kusahihishwa walipokosea hadi waelewe. Hawa wametumia jina la Bloom kuuzia kitu ambacho hakisahihishi kosa lolote.

Sasa tuje kwenye "somo lako peke yako". Siku ya kujisajili tulijaza fomu ndefu. Kazi yako ni nini? Unataka Kiingereza cha nini? Unaona ugumu wapi? Niliandika kwa moyo wote. Nikaeleza kwamba nataka kumuuliza mgeni anavyojisikia, kumweleza dalili za ugonjwa wa mwinuko, kumwambia kwa nini inabidi ashuke. Mpishi wetu akaandika kuhusu vyakula, wageni wasiokula nyama, wale ambao karanga zinawadhuru. Tukalinganisha masomo. Mimi: "Welcome to London", kupanda basi, kuagiza piza, kupanga nyumba. Yeye: "Welcome to London", kupanda basi, kuagiza piza, kupanga nyumba. Picha zilezile, mpangilio uleule, kilichobadilika ni jina la mtu juu ya skrini. Fomu yetu hakuna aliyeisoma, si mtu wala mashine.

Na udhaifu walioutangaza kwamba wataushughulikia? Wiki nzima tulifundishwa kuweka ulimi katikati ya meno kutamka "th". Mtu anayesema thelathini na dhahabu tangu utotoni anafundishwa "th"! Somo hilo lilitengenezwa kwa ajili ya watu wa lugha nyingine, tukamwagiwa sisi hivyohivyo.

Matatizo yetu mwalimu yeyote wa Kiingereza hapa Moshi angekutajia hata chai haijapoa. Tunachanganya "he" na "she" kwa sababu yeye wetu ni mmoja tu. Masikio yetu yanasikia "hut", "hat", "heart" na "hurt" kama kitu kimoja, na kwetu sisi maneno hayo ni ya kila siku: kuna Mandara Hut, kibanda cha kulala cha mlimani, kuna kofia ya mgeni, na kuna mgeni anayesema moyo unamuuma. Ukikosea hapo umekosea mtu anaumwa nini.

Lililo baya kuliko yote ni swali la kukanusha. Hili nimelishuhudia kambi ya Barranco, mlimani, kwa macho yangu. Mgeni alishika chupa ya maji akamuuliza kijana wetu, "You haven't boiled this?" Kijana akajibu "Yes", kwa maana yetu sisi: ndiyo, bado sijayachemsha. Mgeni akasikia kwa maana yake yeye: nimeyachemsha. Akanywa. Usiku ule aliharisha mpaka tukaanza kujadili kumshusha. Yule kijana hakudanganya wala hakuwa mzembe, alijibu kama mama yake alivyomfundisha kujibu. Kozi inayojiita imetengenezwa kwa ajili yako ingeanza na jambo kama hilo. Yetu ilituuliza kama piza tunaitaka na uyoga au bila uyoga.

Tulilalamika. Kwanza yakaja majibu ya "asante kwa mrejesho wako". Tukaandika tena tukaomba pesa zetu. Tukajibiwa tusome masharti ya kurudishiwa fedha. Masharti yenyewe ni kurasa na kurasa za Kiingereza cha wanasheria. Naomba mlitazame hilo vizuri. Unamuuzia mtu kozi ya Kiingereza kwa Kiswahili fasaha kabisa, tangazo Kiswahili, maelekezo ya kulipia Kiswahili, sauti tamu ya dada kwenye simu Kiswahili. Akitaka haki yake, unamtupia Kiingereza ambacho unajua hakijui, kwa sababu kutokukijua ndiko kulikomleta kwako. Huo si uzembe, walikaa wakaupanga.

Binti wa jirani yangu anayesoma chuo ndiye aliyetutafsiria. Humo imeandikwa pesa hairudi ukishaingia mara moja kwenye dunia pepe. Na imeandikwa wanaruhusiwa kutunza sauti zetu zote tulizorekodi wakati wa masomo. Hakuna aliyetueleza hilo kwa lugha tunayoielewa. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Tume yake ipo. Tume ya Ushindani nayo ipo, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003, na kumpotosha mteja kwa tangazo ni miongoni mwa mambo inayoyashughulikia. Tunaandaa barua kwa zote mbili.

Tunachodai ni hiki: pesa zetu zirudi, sauti zetu zifutwe, na lile tangazo la "ongea na watu wa dunia nzima" litolewe kabla masika mengine hayajaja na wagumu wengine hawajanasa.

NYONGEZA: Nimesoma michango yenu, nashukuru. Wanaosema tungetumia video za bure, wengi wetu tumezitumia na zinasaidia kusikia, lakini video haikusikii ukikosea, tumelipa ili tusikiwe. Aliyeuliza kama hapa Moshi kuna njia nyingine, zipo. KPAP, wale wanaotetea maslahi ya wapagazi, wamekuwa wakiendesha madarasa ya Kiingereza ya bure kwa wagumu, mwalimu amesimama mbele yako. Wanaotaka kusoma wapite pale waulize ratiba ya msimu huu.

Kuna mkuu mmoja ameandika, "mgumu na dunia pepe wapi na wapi, si abebe mzigo wake". Nakujibu bila kukutukana. Viongozi wengi unaowaona wanashikana mikono na wageni pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, walianza na mzigo kichwani. Walitoka huko kwa sababu walijifunza kuongea. Sisi tuna haki ya kujifunza kwa njia yoyote iliyopo duniani, ikiwemo ya kisasa kabisa, na anayetuuzia njia hiyo ana wajibu wa kutupa alichotuuzia. Kubeba mzigo hakumpi mtu ruhusa ya kutuibia.

Na mwalimu aliyeniandikia inboksi akisema yuko tayari kukaa nasi mtandaoni jioni, kwa sauti tu bila avata, atufundishe maswali ya kukanusha na matamshi ya hizo "hut" na "heart": tumekubali, na tutakulipa. Tutumie bei yako.

Mliolipia kozi hii popote mlipo, Moshi, Arusha, Zanzibar kwenye mahoteli, niandikieni inboksi. Nahitaji tarehe ya malipo, kiasi, na picha ya tangazo kama unayo. Ujumbe wa muamala kwenye simu msiufute, ukiwa umeufuta mtandao wako wa simu unaweza kukupa taarifa ya miamala ukiomba. Barua tunaipeleka tukishakusanya majina, na nitaweka hapahapa nakala yenye mhuri wa kupokelewa.