Tupeane uzoefu: unaheshimuje mahali patakatifu, na moyo wako unautunzaje?

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zangu wa Bwana asifiwe, Bwana asifiwe sana.

Naanza na langu. Miaka mingi niliingia kanisani kama mtu anayeingia sokoni. Siku moja, dakika chache kabla ya misa, nilisimama kati ya viti nikigombana kwa simu na mtu aliyenizungusha deni langu. Sauti ilikuwa juu. Mzee mtunza kanisa akanijia polepole, nami nikajiandaa kukaripiwa. Hakunikaripia. Alinionyesha kwa kidole ile taa nyekundu kando ya tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Mwili wa Bwana, akaninong'oneza, "Mwenyeji yupo." Kisha akarudi kupanga vitabu vya nyimbo.

Nilizima simu nikakaa. Taa ile nilikuwa naiona tangu utotoni, na maana yake nilifundishwa: huwaka mchana na usiku pale Ekaristi inapohifadhiwa. Kujua nilikuwa najua. Kilichonitisha ni kwamba mdomo ulinyamaza, lakini ugomvi uliendelea kifuani mpaka wakati wa komunyo. Nilikuwa nimeliheshimu jengo, ndani yangu bado ni soko tupu.

Siku hizi nafika mapema, naketi bila kufanya chochote mpaka makelele ya ndani yatulie. Siku nyingine hayatulii. Wenzangu, ninyi mnafanyaje?

Mhudumu wa altare

Asante kwa kufungua mada hii. Mimi nafua vitambaa vya altare. Nta ya mshumaa ikidondoka naiacha ikauke, naibandua taratibu kwa kisu butu, halafu naweka karatasi juu na kupitisha pasi ya moto mpaka karatasi inywe mafuta yote. Korporale, kile kitambaa kinachotandikwa altareni chini ya hostia na kikombe, ina taratibu yake: maji ya kwanza ya kuisuuza hayamwagwi kwenye mfereji wa maji machafu. Yanamwagwa ardhini, kwa sababu huenda chembe ya Mwili wa Bwana imebaki pale.

Nilikuwa makini hivyo na kitambaa, huku nina miezi sijamsalimia dada mwenzangu wa huduma hiyohiyo. Tulipishana mlangoni kama hatujuani. Siku moja nimeinama namwaga yale maji, nikaikumbuka Mathayo 5, pale Bwana anaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Mikono ikaniishia nguvu. Nilimfuata jioni ileile. Sikuwa na maneno mazuri, nilimwambia tu, "Nimechoka kukukwepa." Tulilia wote wawili.

Mzee wa kanisa, upande wa Kiprotestanti

Kwetu hatuna tabernakulo, na tumefundishwa kwamba jengo halimfungi Mungu. Sulemani mwenyewe, siku ya kuliweka wakfu hekalu, alikiri kwamba hata mbingu za mbingu hazimtoshi, sembuse nyumba ile aliyoijenga (1 Wafalme 8:27). Stefano alilirudia jambo hilo mbele ya baraza kabla hawajampiga mawe. Wakristo wa mwanzo walikutana majumbani. Kule Dura-Europos, mji wa kale wa Siria, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta nyumba ya karne ya 3 iliyogeuzwa kuwa kanisa, ina chumba cha ubatizo kabisa.

Lakini nisiseme hivyo nikaishia hapo, kwa sababu ndugu wengi tumeigeuza kweli hiyo kuwa kisingizio cha utovu wa adabu. Tulipoanza usharika wetu tulisali darasani. Baba yangu alifika wa kwanza kila Jumapili, akafuta ubao hesabu zote za wiki, akapanga madawati, kisha akapiga magoti kwenye vumbi la chaki. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na chumba cha kuazima. Akanijibu, "Mwanangu, Yakobo alilalia jiwe porini, na alipoamka akasema mahali hapa panatisha." Baba ameshatangulia. Sasa tuna kanisa letu la matofali, na mimi bado nafika wa kwanza.

Kijana

Naomba msinihukumu. Shida yangu ni picha chafu za kwenye simu. Nilikuwa napiga goti vizuri kabisa kanisani, nikifumba macho kusali zinanijia. Nikaanza kuogopa kuingia.

Nilipoisoma 1 Wakorintho 6 yote, ndipo nikaona Paulo aliposema mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu alikuwa anawakemea watu juu ya zinaa hasa. Alikuwa anaongea na watu kama mimi. Niliungama. Padri hakushtuka. Aliniuliza simu inalala wapi. Nikasema chini ya mto. Akaniambia nianzie hapo. Sasa inalala chumba kingine, na pale kando ya kitanda ilipokuwa nimeweka Biblia. Nimeanguka tena mara mbili tangu hapo, nimerudi kuungama mara mbili.

Aliyekwenda kuhiji

Kijana, nakuombea. Wala usiache kuingia kanisani.

Mimi nilijaliwa kufika Yerusalemu, kanisa la Kaburi Takatifu, lililowekwa wakfu mwaka 335. Foleni ndefu, watu wanasukumana, simu ziko juu. Mama mmoja alinipita kwa kiwiko, nami nikamrudishia. Nikaingia kaburini mwa Bwana nimekasirika! Dakika yenyewe ikaisha hivyo, tukaambiwa tutoke. Nililia njia nzima.

Kesho yake, Bethlehemu, mlango wa kanisa la Kuzaliwa ni mfupi kiasi kwamba mtu mzima lazima ainame. Nilipoinama nikamwomba msamaha mama yule, popote alipo. Siku hizi, kabla sijavuka mlango wa kanisa lolote, nainamisha kichwa kwanza na kumtaja kwa Mungu mtu mmoja niliyemkwaza.

Mama wa watoto watatu

Na sisi wenye watoto wanaokimbia kati ya viti? Nikiwapiga jicho wanalia, nikiwaacha naona aibu.

Mhudumu wa altare

Mama, usiwapige jicho. Mjukuu wangu nilimchukua siku isiyo na ibada. Nikamwacha apapase benchi, asikie sauti yake inavyorudi ukutani, kisha nikamwonyesha taa na kumweleza ni ya nani. Akanong'ona, "Bibi, amelala?" Nikamwambia hasinzii wala halali. Tangu siku ile tukifika mlangoni ananivuta mkono nipunguze mwendo.