Je, uamuzi ni wangu ikiwa kipimo changu nilipewa na jamii?

Muulizaji
Sikuchagua lugha ninayofikiria kwayo, wala watu walionilea, wala mambo niliyofunzwa kuyaonea aibu kabla sijajua kuhoji, na kwa mizani hiyo hiyo ndiyo napima kila ninaloliita uamuzi wangu. Kuna tofauti gani basi kati ya kuathiriwa na jamii na kuamuliwa?

Jibu la kwanza
Tofauti ni kubwa. Mwaka 1814 mwanahisabati Mfaransa Pierre-Simon Laplace aliandika kwamba akili ambayo ingejua hali ya kila kitu na nguvu zote zinazokisukuma kwa wakati mmoja, na kuweza kuzikokotoa, ingeuona wakati ujao waziwazi kama uliopita. Huo ndio ulazima, nao hauachi mwanya. Desturi huwepesisha njia moja na kuifanya nyingine iwe ngumu, lakini watoto wa nyumba moja huachana njia kila siku.

Jibu la pili
Mfano huo wa watoto haunitoshelezi, kwa kuwa mtetezi wa ulazima atajibu kwamba visababishi vyao vilitofautiana kwa namna tusizoziona. Mimi naegemea kwa mwanafalsafa Harry Frankfurt, aliyetetea mwaka 1971 kwamba mtu huweza pia kutaka au kukataa kuwa na matakwa fulani, kama mraibu anayetamani kiu yake isimtawale. Nakiri hata hivyo kwamba kukataa huko nako huenda kulipandwa na malezi, na hapo hoja yake hunipwaya.

Jibu la tatu
Tusiisahau jamii yenyewe. Katika majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950, mshiriki aliulizwa ni mstari upi kati ya mitatu unaolingana urefu na mwingine, baada ya kuwasikia wenzake, waliokuwa wamepangwa, wakitoa jibu lisilo sahihi. Takriban theluthi moja ya majibu ilifuata kundi, ingawa jibu sahihi lilikuwa wazi machoni. Karibu robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Linalonigusa zaidi ni hili: alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla yake, mshiriki alilifuata kundi mara chache mno. Nguvu ya kukataa nayo ilitoka kwa mwenzake.

Muulizaji
Hilo limenigeuzia swali, kwani nilidhani uhuru ni kubaki peke yangu bila sauti za wengine. Bado linanisumbua, maana huyo mmoja wa kusema kweli naye mshiriki hakumchagua.