Tupeane uzoefu: mzazi mwenye Parkinson akianza kuona watu wasiokuwepo

Mama Shufaa: Wakuu, jana msibani nimesikia mtu akimteta mzee wa watu, "siku hizi anaongea na ukuta", nikamkumbuka baba, maana na sisi tumo humohumo. Ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, miaka mingi. Kutetemeka tulishakuzoea, kilichotushinda ni hiki kipya: jioni anawaona watoto wamejipanga kwenye jamvi, kimya, hawana neno na mtu. "Hawa wa nani, mbona hamuwapakulii?" Mara anaona mtu kampita ubavuni, akigeuka hakuna. Waliopitia leteni uzoefu.

Kibogoyo: Pole. Kwa bibi yangu walikuwa paka.

Chekeche: Watoto na paka mna bahati. Mzee wetu alimwona muadhini. Mtu mzima mwenye wajukuu, eti kila usiku anaingia kwa mama kupitia dirishani, na dirisha lenyewe lina nondo. Mama anamlisha, anamwogesha, halafu anatukanwa mbele ya wakwe. Tukaanza na kombe. Wapi! Usiku mmoja akatoka na panga. Mtu ambaye kufunga vifungo vya shati ni kazi ya asubuhi nzima, siku hiyo alifika mlango wa msikiti ndipo vijana wakamdaka. Tukamkimbiza hospitali moja, siitaji. Walipoona anapiga kelele wakamchoma Largactil, sindano ya kutuliza wagonjwa wa akili. Kesho yake amekakamaa mwili mzima, shingo haigeuki, uji unarudi kwa pembe ya mdomo, mate yanampalia. Shangazi alishaanza kuulizia sanda. Akaja daktari wa zamu nyingine, kuona kadi yake akashika kichwa: sindano ile inaziba dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, na mgonjwa wa Parkinson shida yake ndiyo hiyo, dopamini haimtoshi. Akapima mkojo, UTI tele. Artane, kidonge chake cha kutetemeka, akaipunguza kidogo kidogo mpaka ikaisha; levodopa, ile inayogeuka dopamini mwilini, akamwacha aendelee nayo. Baadaye akatolewa mtoto wa jicho. Muadhini hakurudi tena dirishani, ila mama mpaka leo hapiti njia ya msikiti.

Kibogoyo: Duh. Muadhini mwenyewe alijua?

Chekeche: Mtaa mzima ulijua. Alikuja kumwombea dua mgonjwa, ndiyo ikawa balaa.

Ustadh Mkavu: Hayo ni majini, mnayapa majina ya kizungu tu. Asomewe.

Dada wa Dirishani: Asomewe, na dawa anywe. Mimi natoa dawa, hawa nawaona. Wengi ni waliokaa na ugonjwa muda mrefu, umri umekwenda, kumbukumbu imeanza kupotea, macho hafifu. Mama Shufaa, muulize mama kama mzee hupiga mateke na kupigana usingizini, hao nao wamo sana. Kisha dawa. Levodopa yenyewe inaweza kuleta mauzauza, lakini Artane kwa mzee ni mbaya zaidi, halafu watu wanampa na Piriton, dawa ya mafua, ili alale, bila kumwambia daktari. Zote mbili zinamvuruga akili kwa njia ileile.

Ustadh Mkavu: Na mateke ya ndotoni nayo ni ugonjwa?

Dada wa Dirishani: Ni ugonjwa. Sisi tukiota mwili unafungwa, wao kufuli limelegea.

Mti Shamba: Mnahangaika na vidonge, na upupu upo porini bure. Mbegu zake zina levodopa hiyohiyo.

Dada wa Dirishani: Kweli inayo, ndiyo maana nakukataza. Mzee anameza levodopa ya kipimo, unamwongezea nyingine kwa kijiko cha chai. Unategemea hao watoto wapungue au waongezeke?

Mti Shamba: Mnatetea dawa za dukani kwa sababu ndizo zinawalisha.

Kibogoyo: Tusigombane jamani. Mimi paka wa bibi nilikuwa nawafukuza kwa fagio, analala.

Chekeche: Usithubutu kwa mzee wangu. Ukimkubalia umekuwa shahidi wake. Sisi tulikuwa tunamwambia, "Baba, sisi hatumwoni, ila tuko na wewe," tunamgeuzia maneno kwenye habari za mpira.

Mswahili wa Minnesota: Huku Marekani kuna pimavanserini, iliidhinishwa 2016 kwa mauzauza haya haya, haizibi dopamini. Bei msiniulize. Mjomba anatumia kwetiapini, nayo ni dawa ya mauzauza. Ipo na klozapini, ila hiyo lazima apimwe damu mara kwa mara, hushusha chembe nyeupe.

Mama Shufaa: Asanteni. Sasa usiku niwashe taa au nizime?

Kibogoyo: Zima alale.

Dada wa Dirishani: Washa! Gizagiza ndilo linalozaa watu. Na koti lililotundikwa mlangoni litoe. Artane anameza?

Mama Shufaa: Asubuhi na usiku. Na Piriton ipo, nimeiona sasa hivi kwenye mkoba wa dada wa kazi.

Dada wa Dirishani: Piriton aache kumpa. Artane na levodopa usizikate mwenyewe, levodopa ikikatwa ghafla mtu anaweza kukakamaa na homa kali juu. Beba mfuko mzima wa dawa, hata za mafua, waambie wapime na mkojo.

Ustadh Mkavu: Na asomewe.

Mama Shufaa: Tarehe yake ya kliniki ni mwezi ujao, watanipokea kabla?

Dada wa Dirishani: Nenda kesho. Ukifika mapokezi usiseme "anatetemeka", watakurudisha. Sema anaona watu.