Laki na ishirini ya mekapu ya uzee, nikaletewa mizimu madhabahuni

Mbukwenyi wakuu.

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mkikuta nimeruka jambo niulizeni. Jina la mtu sitaji, la saluni sitaji, na picha siweki. Kijana mwenyewe kaniomba nisiweke na namwelewa, unyusi wake wa kushoto haujarudi mpaka leo.

Kanisani kwetu hapa Dodoma mimi ndiye nasimamia maigizo ya vijana. Krismasi hii tulichagua mtoto Yesu kupelekwa hekaluni. Wanaoijua Luka 2 wanakumbuka pale kuna mzee Simeoni na nabii Ana, mjane wa miaka 84. Sasa Simeoni wangu ana miaka 23, na Ana ana 19 na mashavu kama maandazi ya asubuhi. Nikasema hapa lazima apatikane mtu wa mekapu anayeijua kazi. Nikapewa namba ya dada mmoja. Ukurasa wake umejaa maharusi, wazuri kweli, ila katikati kuna picha ya mzee mwenye makunyanzi mpaka unataka kumpa shikamoo. Ile picha nimekuja kugundua juzi kwamba si kazi yake, alama ya mwenye nayo imekatwa pembeni.

Tukakubaliana laki na ishirini kwa watu wawili, nikatuma kianzio elfu sitini. Nikamwomba tufanye jaribio siku moja kabla. Jibu: "Kaka niamini, hiyo ni kazi ndogo."

Ibada saa kumi. Yeye aliahidi saa saba, akafika saa tisa kasoro kumi na kibegi kile kile cha maharusi. Akaanza na poda ya watoto, kichwa kizima. Poda ilipoisha (sitanii wakuu) akamtuma binti jikoni kwa kina mama akaombe unga wa ngano. Kisha akashika wanja mweusi akachora mistari mitatu kwenye paji la uso, imenyooka kama ya daftari. Ana akapakwa midomo mieupe. Simeoni ndiye aliyepata kubwa zaidi: alipakwa gundi ya kubandikia nywele za bandia, kuanzia juu ya macho hadi mashavuni, ndevu na nyusi humo humo. Nikauliza, hii haitamdhuru? "Wote tunaitumia hiyo."

Sikutaka maajabu. Najua Mmarekani Dick Smith alimgeuza Dustin Hoffman kuwa mzee wa miaka 121 kwenye filamu iliyotoka 1970, kwa vipande vya mpira vilivyobandikwa usoni kimoja kimoja. Hayo ni ya watu wenye karakana. Mimi nilitaka mtu ambaye angalau siku moja amekaa na mzee na kumtazama.

Maana uzee hauanzi na weupe. Nendeni pale Nyerere Square jioni, au Soko la Majengo asubuhi, mtazame wazee wetu. Ngozi nyeusi haijai mistari mapema. Kinachotangulia ni kulegea na kubonyea: mapanja (pale kati ya jicho na sikio) yanaingia ndani, shimo la jicho linazama, shavu linashuka na kuacha mfereji kutoka puani hadi pembe ya mdomo. Wengi wana vidoadoa vyeusi vidogo kwenye mashavu, na rangi ya uso haiko sawa pote. Ndewe ya sikio inarefuka, na bibi zetu wa Kigogo waliotoga tangu utotoni ndiyo usiseme. Mvi nazo kwa kawaida huanza mapanjani na kwenye ndevu, haziangukii kichwani zote kwa siku moja kama theluji ya kwenye kadi.

Na vyote hivyo vinachorwa kwa vitu alivyokuwa navyo kwenye kibegi! Unamwambia mtu akunje uso, unafuata mikunjo yake mwenyewe, siyo ya kwako ya kubuni. Kivuli ni kahawia iliyokolea kidogo kuliko ngozi yake, nyeusi hapana. Pembeni ya kivuli unaweka fandesheni yenye weupe kidogo ili nyama ionekane imetokeza, unafifisha upande mmoja na kuacha mwingine mkali. Mvi ni rangi nyeupe inayopitishwa kwa mswaki wa zamani, nywele chache chache, na nyusi unazichana kinyume. Shingo na mikono usisahau. Ana wetu alinyoosha mikono kumpokea mtoto, mikono ya binti wa 19 yenye kucha za rangi ya waridi. Dada yetu huyu kila alichofundishwa ni kuficha mikunjo ya maharusi. Kazi ni ile ile ukiigeuza, lakini kugeuza ndiko kulikomshinda.

Kama ni makunyanzi ya kushikika, ipo lateksi (mpira wa majimaji) ya kazi hiyo. Unaijaribu kwanza ndani ya mkono siku moja kabla, kwa sababu kuna watu mpira unawadhuru. Nyusi na ndevu unazifunika kwa Vaseline. Unavuta ngozi kwa vidole, unagusishia tabaka jembamba kwa sponji, unakausha kwa draya yenye upepo wa baridi, unapaka poda ngozi ikiwa bado imevutwa, ndipo unaachia. Ikirudi, inajikunja yenyewe. Unarudia mara mbili tatu. Hapo uso mmoja ni saa nzima au zaidi, na sisi tulibakiwa na dakika sabini za watu wawili.

Mnalijua joto la Desemba hapa kwetu kanisa likijaa. Dakika ya tano unga ulikuwa uji. Unamteremka Simeoni hadi kwenye kola, na kila akiinamisha kichwa, mtoto mchanga (mtoto wa kweli, wa watu!) anapata vumbi jeupe usoni na kupiga chafya. Watoto wa Sunday School wakapiga kelele "Mzimu!" Bibi yangu aliyetoka Bahi kwa ajili ya igizo hili akauliza kwa sauti ile ya wasiosikia vizuri: "Huyu katoka mashineni kusaga?" Kanisa likacheka hadi mchungaji akageukia ukutani.

Kubandua ile gundi kulichukua hadi saa mbili usiku kwa mafuta ya kula. Ikaondoka na unyusi, ikaacha uso umevimba na vipele. Nilipodai hela yangu dada akasema uzee "ulitokea, ni joto lenu", akanirudishia elfu ishirini, akanizuia kwenye simu. Nataka elfu arobaini iliyobaki, na hela ya dawa juu.

Mwenye kumjua mtu wa mekapu ya jukwaani hapa Dodoma anitumie ujumbe, hata kama ni kijana aliyesoma sanaa Bagamoyo akarudi nyumbani. Atakayekuja na kibegi cha maharusi tutaishia getini.

NYONGEZA: Mnaouliza kwa nini nisingechukua mzee wa kweli, nilimwomba mmoja wa wazee wa kanisa, miaka 78, ndevu nyeupe, hahitaji hata poda. Alikubali vizuri mpaka aliposoma maneno yake, pale Simeoni anapomwambia Bwana sasa mruhusu mtumishi wako aende kwa amani. Akanirudishia karatasi. "Mwanangu, maneno haya siyasemi mbele za watu mwezi Desemba, mahindi hata sijapanda."