Mnasihi kaniambia nijiunge na maigizo ya papo kwa papo. Yanasaidia kweli?

Mkimya:
Wakuu, habari zenu. Kikaoni nikiulizwa hata jambo ninalolijua vizuri, koo linakauka na maneno yanapotea. Mnasihi wangu kapendekeza kikundi cha michezo ya kuigiza bila mswada. Sasa mimi kuchekesha sijui, na kusimama bila kujua nitasema nini ndiko hasa kunakonitisha. Kuna aliyewahi kujaribu?

Fundi wa Jukwaa:
Karibu mkuu. Naongoza vikundi vya aina hiyo. Kuchekesha kusikuumize kichwa. Wanaokuja na vichekesho mfukoni ndio wanaonisumbua zaidi, maana hawamsikilizi mwenzao.

Mara nyingi tunaanza na mchezo wa kioo. Mnasimama wawili uso kwa uso, mmoja ananyanyua mkono polepole, mwingine anamfuatisha. Nasema, "Badilishaneni." Baadaye: "Sasa hakuna anayeongoza." Hapo watu wanacheka kwa aibu, kisha wananyamaza, na mikono inaendelea kwenda pamoja. Macho yako yamebanwa na mwenzako, nafasi ya kujiuliza "wananionaje?" huipati. Kwa maoni yangu dawa iko hapo.

Isitoshe, mizizi yake si vichekesho. Viola Spolin, aliyeibuni mingi ya michezo hii kule Chicago, alifundishwa na Neva Boyd, ambaye alitumia michezo ya vikundi katika ustawi wa jamii.

Msoma Saikolojia:
Tusichanganye mambo lakini. Kucheza kunaweza kukujenga bila kuwa tiba. Jacob Moreno, daktari wa akili aliyeanzisha ukumbi wa maigizo bila mswada Vienna miaka ya 1920, ndiye aliyezaa saikodrama: unaigiza tukio la maisha yako mwenyewe, chini ya mtu aliyesomea kazi hiyo. Hiyo ni tiba.

Ila kwa shida yako michezo ya kawaida si haba. Utafiti mmoja wa 2020 uliwalinganisha waliocheza papo kwa papo kwa dakika 20 na waliofuata mswada. Waliocheza papo kwa papo walivumilia zaidi hali ya kutojua kitakachofuata.

Mkimya:
Na nikikwama katikati?

Fundi wa Jukwaa:
Unasema "napita," zamu inasonga. Kiongozi akikulazimisha uigize msiba wako siku ya kwanza, chukua mkoba wako uondoke. Muulize mnasihi kama anamfahamu anayeongoza.

Wewe ningekuanzishia hadithi ya neno moja moja, kila mtu neno lake. Kuna jamaa alishajiandalia "farasi," akitegemea mfalme apande. Aliyemtangulia akasema "alimeza." Naye, macho yamemtoka, akalitoa hivyohivyo: mfalme alimeza farasi. Aliyefuata ikabidi amtafutie mfalme maji.

Mkimya:
😂 Hiyo naiweza. Naenda kuuliza kuhusu kiongozi. Nivae nini?

Fundi wa Jukwaa:
Chochote unachoweza kukaa nacho sakafuni. Viatu mtavua.