Maafa yakitokea pesa zinapatikana, sisi wa kujitolea tukiomba ruzuku kabla ya mvua tunaambiwa "hakuna kasma"

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Sisi ni kikundi cha wakazi wa bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, tunaojitolea kwenye mambo ya mafuriko. Tunazibua mitaro kabla ya masika na vuli. Tunazijua nyumba zenye wazee, wagonjwa na vichanga. Maji yakianza kupanda usiku, sisi ndio tunaopita mlango kwa mlango kuamsha watu. Sasa andiko letu la kuomba ruzuku halmashauri limerudi, na jibu ni mstari mmoja tu: hakuna kasma, yaani fungu la bajeti, ya shughuli hiyo.

Ngoja nieleze mlolongo wenyewe, mtu asije akasema hatukufuata utaratibu. Hoja ilianzia mkutano wa mtaa, ikaandikwa kwenye muhtasari, mwenyekiti na mtendaji wakagonga mhuri, ikapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tukaambiwa tusajili kikundi, tukasajili. Tukadaiwa katiba, tukaandika. Tukadaiwa akaunti ya benki, tukafungua, na mpaka leo benki inakata makato kwenye hela tulizochanga wenyewe. Mpango kazi, mchanganuo wa gharama, majina ya wanachama na namba zao za NIDA, vyote tulipeleka. Katikati ya hayo afisa mmoja akatushauri tuombe ile asilimia 10. Tukaenda. Swali la kwanza tuliloulizwa ni kikundi kinazalisha nini na marejesho yatatoka wapi.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mkopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo zuri na wake zetu wamenufaika nalo. Lakini mkopo unataka biashara. Mtu uliyemtoa kwenye maji saa nane za usiku humwandikii risiti. Mtaro uliozibuliwa hauuzi kitu. Kazi hii haina faida ya kurudisha benki, na ndiyo maana tuliomba ruzuku tangu mwanzo. Kumwelekeza mtu wa uokoaji kwenye dirisha la mikopo ni kumfukuza kwa adabu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya, mpaka huku chini kabisa kwetu. Imeanzisha na Mfuko wa Taifa wa Usimamizi wa Maafa. Nikaamini kwamba hatimaye kuna mahali pa kugonga. Kamati ya mtaa wetu ipo, majina yamebandikwa ubaoni. Haina kamba, haina tochi, haina hata hela ya vocha. Mmeipa kazi bila kuipa nyenzo, halafu mvua ikinyesha mnaipigia simu mkitaka taarifa ya waathirika kabla ya saa nne asubuhi.

Na hatukuomba makubwa. Gambuti, majembe, makoleo na toroli. Kamba ndefu, filimbi, tochi za kuchaji, vipaza sauti vya kushika mkononi, maboya na jaketi za kuokolea. Mafunzo ya huduma ya kwanza kutoka kwa watu wa Msalaba Mwekundu. Bima ya afya au angalau fungu dogo la matibabu, kwa sababu kijana wetu alichanwa mguu na bati ndani ya maji machafu na gharama zote tukachangishana sisi, wengine wakiwa na nyumba ambazo bado zinanuka tope. Vocha na bando. Basi. Posho hatukuandika popote.

Hilo la vocha kuna waliolicheka, kwa hiyo nilifafanue, maana ndilo lililookoa watu wengi kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe. Mvua inaweza kupiga huko juu wakati huku Kigogo na Jangwani watu wanaanika nguo. Maji yanachukua muda kushuka. Kwa hiyo sisi tuna watu wetu Pugu, Gongo la Mboto, Vingunguti na Tabata, na mvua ikiwa kubwa wanatupigia: hapa mto umefika mahali fulani, hapa daraja limefunikwa. Kutokana na simu hizo tunajua tuna muda kiasi gani. Halafu tunaangalia bahari. Ikiwa imejaa, hasa wakati wa bamvua, mto unakosa pa kutokea pale daraja la Salenda unapoingia baharini na maji yanarudi nyuma kuingia majumbani. Mvua ileile ikija bahari imekupwa, hali inakuwa nafuu. Mambo haya mama anayeuza samaki na fundi baiskeli wanayajua kwa saa na dakika. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari, na siku hizi inatoa mapema, nawashukuru. Ila tahadhari inasema Mkoa wa Dar es Salaam. Anayejua kwamba ni uchochoro upi utaanza kuzama ni yule anayeishi pale, na mtu huyo anatumia salio lake mwenyewe kupiga simu usiku kucha.

Maafa yakishatokea, mambo yanabadilika ghafla. Magari yanafika, kamera zinafika, mahema, magodoro na unga vinapatikana, fulana zinachapwa. Sisemi misaada isitolewe, watu wanakuwa wamelala njaa. Nauliza kwa nini serikali ileile iliyokosa hela ya kamba mwezi wa tisa inapata hela ya mahema mwezi wa nne. Na baada ya hapo inafuata semina ya tathmini hotelini. Aliitwa mmoja wetu akaeleze "uzoefu wa jamii", akaeleza, wakaandika, wakapiga picha. Gharama ya ukumbi na chakula cha siku hiyo peke yake ingetosha kununua vyote nilivyotaja hapo juu.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na baadhi ya walionusurika wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Ikaja 2014, ikaja 2015, ikaja 2018. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236. Hayo ni majina ya watu. Wapo ambao kilichowaua ni kuchelewa kuamshwa.

Najua atakuja mtu aseme kuna mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia imetoa dola milioni 200, daraja la Jangwani linajengwa, watu wamelipwa fidia. Mradi huo nauunga mkono. Lakini daraja halibishi hodi usiku. Na jiji hili lina watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, na mito yake si Msimbazi tu. Kuna Kizinga, kuna Mzinga, kuna Tegeta, kuna Mpiji. Wote huko nao wasubiri daraja lao?

Tunachotaka ni hiki. Kila halmashauri ya jiji hili iweke kasma ya ruzuku kwa vikundi vya kujitolea vya maafa, kwenye mapato yake ya ndani, ionekane kwenye kitabu cha bajeti. Iwe ndogo, sawa, lakini iwepo. Na itoke mapema. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, vuli inakuja Oktoba. Katikati hapo ni kiangazi, mitaro imekauka, ndiyo saa ya kuchimba na kufanya mazoezi. Hela inayotoka Aprili inakuta tayari tunazika. Vifaa vinunuliwe kwa utaratibu wa serikali kama hamtuamini na fedha taslimu, vitunzwe ofisi ya mtaa, orodha ibandikwe ubaoni, kila mkazi aone kamba ngapi na ziko kwa nani. Tuko tayari kukaguliwa.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, nijibu mawili matatu.

Anayesema "kujitolea maana yake bure, mnataka kulipwa": ndugu yangu, rudia kusoma. Muda wetu na nguvu zetu tunatoa bure na tutaendelea kutoa. Gambuti hazitolewi bure dukani. Bangladesh ilianzisha mpango wa watu wa kujitolea kwa ajili ya vimbunga mwaka 1972, baada ya kimbunga cha 1970 kuua mamia ya maelfu, na mwaka 1973 serikali ikaingia kuugharamia kwa pamoja na Msalaba Mwekundu wa kule, ambao leo unaitwa Hilali Nyekundu. Leo wana zaidi ya watu 70,000 wanaojitolea bila mshahara, ila redio, vipaza sauti na mafunzo wanapewa. Nchi ile mwaka 1973 ilikuwa imetoka vitani, haikuwa na utajiri wowote. Hata Marekani, vikundi vya namna hii vilivyoanzishwa na Zimamoto ya Los Angeles mwaka 1985 vilikuja kusambazwa nchi nzima na serikali kuu, na fedha za ruzuku zikapitishwa kwenye majimbo. Wanajitolea, na serikali yao inawapa vifaa.

Anayesema "hameni bondeni": wengi wetu ni wapangaji. Mwenye nyumba akilipwa fidia anahama, mpangaji anatafuta chumba cha bei ileile, na chumba cha bei ileile kiko bondeni. Ukihamisha wote kesho nitafurahi. Mpaka hapo, watoto wanalala kule usiku wa leo.

Anayesema "Zimamoto ipo, pigeni 114": tunapiga. Vijana wale wakifika wanafanya kazi ya kiume kweli. Gari haliingii kwenye vichochoro vyetu, na barabara inakuwa imeshazama. Kariakoo, ghorofa lilipoanguka tarehe 16 Novemba 2024, waliokuwa wa kwanza kuchimba kwa mikono ni wafanyabiashara na wapita njia. Mtu wa karibu ndiye anayewahi siku zote. Mpeni basi kofia ngumu na mafunzo.

Sasa nawaomba wenzangu wa Hananasifu, Tandale, Mchikichini, Mbagala, Kunduchi na kwingineko: je, kuna kikundi cha maafa kwenye mtaa wenu kilichowahi kupata fedha ya halmashauri, siyo ya mfadhili? Kama kipo, lete hapa andiko walilotumia, na kifungu cha bajeti kilichotumika kiwe wazi ili tukipeleke na sisi. Madiwani mliomo humu, nanyi mjibu. Hoja yetu inarudi kwenye mkutano wa mtaa ujao na safari hii tunataka iandikwe jina la aliyeikataa na sababu yake.